Aliyefaulu Ni Dada

Nyumbani kwetu Ikuti tulizaliwa tisa. Dada ndiye wa kwanza, mimi wa pili, msichana kama yeye, na waliotufuata walilelewa mgongoni kwa dada. Mama alizaa, dada akabeba. Kwa sababu hiyo alichelewa kuanza shule, tukajikuta darasa moja. Siku nyingine alikuja na mtoto mgongoni, akasimama nyuma akimbembeleza huku anajibu hesabu.

Mimi sikubeba mtu. Nilikuwa mvivu, na uvivu wangu ulishazoeleka nyumbani kama mvua za Rungwe. Nikitumwa kuchuma chai nilichanganya na majani magumu, yakakataliwa kwenye mizani, mpaka baba akaacha kunituma.

Mtihani wa darasa la saba dada akafaulu. Mimi nikafeli vibaya. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa chai walikuwa wameanza kuingia, na magari yakawa yanafika kweli, baada ya miaka ya kuyaacha majani yaoze kituoni. Mikono ilihitajika, na hakuna aliyechuma haraka kama dada. Mama, mwenye mimba ya wa tisa, akamaliza shauri kwa Kiswahili chake cha nyumbani.

"Huyu mkubwa akienda, mimi nabaki na nani? Nimechoka fijo, nimechoka sana. Aende huyu mdogo. Huyu hata akikaa hafanyi kitu."

Jogoo na mkungu wa ndizi vikapelekwa kwa mwalimu mkuu, naye akanyamaza. Nikaenda sekondari ya mbali kwa jina la dada. Wengi walifanya hivyo wakati ule, tena bila haya. Asubuhi ya kuondoka yeye ndiye aliyenibebea sanduku hadi barabarani. Nilifurahi, sitadanganya.

Nikawa mwalimu. Jina lake likaandikwa kwenye cheti changu, kwenye barua ya ajira, hata kwenye cheti cha ndoa. Yeye aliolewa Nkunga, akazaa saba. Mwandiko wake ulibaki mzuri kuliko wangu, na kina mama wa kanisani kwake walimtuma awaandikie barua.

Ulipofika wakati wa kuandikisha wapiga kura, hofu ikanishika. Wanawake wawili, jina moja, wazazi walewale: mtu akishtuka, kazi yangu ingeota mbawa. Nikapanda Nkunga, nikamkuta anamenya ndizi.

"Dada, naomba ujiandikishe kwa jina langu la zamani."

"Na langu?"

"Lako ndilo linalonilisha."

Akaendelea kumenya. Nilijua nimemuumiza, na bado nilichoogopa ni mshahara wangu.

Sikumwamini, kwa hiyo siku yenyewe nilimsindikiza. Karani alipomuuliza jina, alikawia mno kujibu, watu wa foleni wakaanza kucheka. Nikalitaja mimi, lile jina la mtoto aliyefeli. Karani akamsogezea kalamu aweke saini. Dada akaishika, akainama, na nikaona mkono wake unaanza herufi ya kwanza ya jina alilobatizwa. Nikauzuia.

"Hajui kuandika," nikamwambia karani.

Dada alinitazama kidogo. Kisha akaiweka kalamu mezani, akanyoosha dole gumba.