Maji ya Shangazi Hayakukatwa

Shangazi yangu ni dobi. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, na kamba iliyojaa mashati ya watu wasiojua hata kukunja kola. Ni mtu wa maneno machache, na tangu mumewe afariki hata hayo machache yamepungua. Hakulia. Siku moja tu baada ya mazishi alikuwa anapiga pasi. Watu wakasema ana moyo mgumu. Watu hawana kazi.

Mumewe tulimwita Dereva. Magoti yalipoanza kumsumbua, daktari alimshauri atembee ndani ya maji ya bahari kila asubuhi, naye akalishika hilo kama ratiba ya basi. Karibu na pale alipokuwa akiingilia kuna bomba la shirika la maji, linamwaga baharini uchafu wa vyoo vya mji mzima, haujasafishwa hata kidogo. Dereva alikuwa na kidonda kidogo mguuni. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, akatutoka.

Bili iliyofuata ilikuja na mistari yake miwili ya siku zote: maji safi, na kusafisha maji taka. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniambia halipi tena mpaka waje kumkatia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alitaka jambo moja tu: mtu wa shirika asimame mlangoni kwake, amwulize kwa nini halipi, naye amjibu.

Akajiandaa. Alijaza mapipa na madumu hadi ukumbini tukawa tunapita upande upande, maana dobi asiye na maji hana kazi. Akalipiga pasi gauni lake la heshima, akalitundika nyuma ya mlango likisubiri siku hiyo. Majirani nao waliapa kugoma pamoja naye. Walipoliona gari la shirika kwenye kona, kila mmoja alikimbilia simu yake kulipa. Siwataji, wanajijua.

Gari lilipita bila kusimama kwake. Mwezi uliofuata likapita tena. Bomba la jikoni likaendelea kutoa maji kama kawaida, gauni likaingia vumbi, akalifua na kulipiga pasi upya. Nilimwuliza kama hachoki kungoja. Akasema hasikii kitu, si uchovu wala njaa.

Mwishowe alilivaa gauni lile, nikamsindikiza ofisini kwa shirika. Karani wa dirishani aliingiza namba ya mita, akatabasamu.

"Huna deni, mama. Wewe unalipa hata kabla ya tarehe. Laiti wateja wote wangekuwa hivyo."

Shangazi alimwambia hajalipa tangu amzike mumewe. Karani akatugeuzia kioo cha kompyuta tujionee wenyewe. Namba ya simu iliyokuwa ikilipa sote tuliijua: ilikuwa ya bintiye, anayeishi naye nyumba moja. Kwa shirika, basi, hakuna mtu aliyewahi kugoma. Nilitamani kumtukana mtu, ila karani hakuwa na kosa.

Nyumbani Shangazi alichukua spana ya marehemu, akapiga magoti kwenye mita na gauni lake lile lile, akafunga koki. Kisha akawa anamwaga mapipa uani, moja baada ya jingine. Mimi nilibeba madumu.

Binti alirudi kazini, akaenda jikoni kujaza birika. Bomba likakohoa, likanyamaza.

"Mama, wamekukatia? Haiwezekani. Mimi nilikuwa nalipa. Baba ameshaondoka, ningekuacha na wewe ukose hata kazi?"

"Najua, mwanangu. Hawajakata wao, nimekata mimi," Shangazi alisema. "Sasa kaa hapo uniulize kwa nini."

Binti alikaa juu ya dumu tupu, akajifuta uso, akamwuliza. Shangazi alianzia kwenye magoti ya Dereva.