Wageni wa Nelsy

Nelsy Poot alikuwa mkodishaji magari Cancún, katika ofisi ndogo iliyobanwa kati ya duka la nguo za kuogelea na duka la dawa. Kazi aliyoajiriwa kufanya ilikuwa kujaza mikataba, kulizunguka gari pamoja na mteja wakitazama mikwaruzo ya zamani, na kukabidhi funguo. Lakini jina lake lilijengwa na kile alichokifanya baadaye, mteja akishakuwa na ufunguo mkononi na wasiwasi tumboni. Wengi walikuwa wanakwenda Chichén kuona magofu ya kale ya mawe, na hawakuwahi kuendesha gari nchi ya watu. Nelsy aliwatandazia ramani juu ya meza, akawaonyesha wapi wajaze mafuta, wapi wale, saa ngapi watoke ili wafike mawe yale kabla ya jua kuanza kuwapiga utosini.

Njia za kwenda huko ni mbili. Kuna ile ya kulipia, pana, iliyonyooka msituni kama kamba, ambako unaweza kwenda mwendo mrefu usione hata mbuzi. Halafu kuna ya zamani, inayopita katikati ya vijiji, na kijiji chetu cha Dzitox kimo. Ile ya kulipia ilipofunguliwa, sisi wa njia ya zamani tulibaki kama watu waliosahauliwa kwenye karamu. Mabasi yalihama, malori yakahama. Waliokuwa wakiuza machungwa na vitambaa vya kutarizi barabarani walikaa na machungwa yao.

Nelsy ni mtoto wa Dzitox. Mimi nilisoma darasa moja na kaka yake, Wilberth, na nyumba yetu inatazamana na yao. Kwa hiyo najua kwamba alipopata kazi ile alianza kimyakimya kuwaelekeza wateja wake huku. Aliwaambia barabara ya bure ina maisha, ina chakula cha kweli, na ni kweli. Gari dogo jeupe likipunguza mwendo kwenye tuta, wanawake walikuwa wakiambiana, "Hao, wageni wa Nelsy." Mama yake, doña Fidelia, alikuwa akikaanga barazani chapati za mahindi zilizojazwa maharage, kwenye nyumba ya kijani iliyo mbele kidogo ya kanisa, na siku nyingine aliwauzia wageni peke yao mpaka maharage yakaisha.

Baba yao, don Eleuterio, aliwacheka wageni hao. Alikuwa mkulima wa mahindi, mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno. Alikuwa akisema, "Wanavuka bahari kuja kutazama mawe. Shambani kwangu yamejaa. Mtu akija na gunia, ayabebe yote, nitamsaidia na kumtwisha." Chichén yenyewe hakuwahi kufika. Alisema akimaliza palizi atakwenda, na palizi ya mahindi haikuwahi kwisha.

Mwezi wa Julai wakaja ofisini kwa Nelsy mtu na mkewe, Sverre na Marit, kutoka Norway. Mume alikuwa mwalimu, mke muuguzi, na watoto wao walibaki kwao. Walikuwa wakibishana tangu mlangoni, ila kwa upole, kama watu waliozoeana. Marit alitaka barabara ya kulipia, wafike, waone, warudi. Sverre alisema hakuja mbali kote huko ili atazame lami. Aliuliza kama njia ya zamani ina majambazi.

"Majambazi wetu ni matuta," Nelsy akamjibu. "Yakikukamata hayataki pochi, yanataka magurudumu."

Sverre alicheka, Marit naye akacheka, na safari ikapangwa. Nelsy alikaa nao muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu aliwapenda. Aliwachorea vijiji kimoja kimoja. Alipofika Dzitox alichora kanisa, akachora na nyumba, akawaambia hapo ndipo kwa mama yangu, nyumba ya kijani, mkono wa kushoto, msipite bila kula. Kisha akakumbuka kwamba dawa za presha za mama yake zilikuwa kwenye mkoba wake, zikingoja Jumapili aende nazo. Akauliza kama wangeweza kumfikishia. Marit akazichukua, akazisoma kwa jicho la kazi yake, akasema ni dawa nzuri, mwambie asizile bila kitu tumboni.

Waliondoka asubuhi ya pili yake. Mvua ilikuwa imenyesha na jua likatoka nyuma yake, lami ikawa inang'aa machoni.

Kabla ya adhuhuri simu ya ofisini ililia. Meneja alipokea, akasikiliza, akaandika namba ya gari kwenye kiganja. Akamwambia Nelsy kuna gari letu limegonga mtu huko njia ya zamani, mtu wa bima anakwenda, na wewe nenda naye maana wateja hawajui Kihispania. Nelsy aliuliza wapi. Meneja akasema kijiji fulani cha huko kwenu, Dzi-nini. Ndani ya gari la bima Nelsy akampigia mama yake, simu ikaita tu. Akampigia Wilberth. Wilberth alipokea, akasema, "Ni Tata," ndivyo walivyomwita baba yao, akakata.

Mimi nilikuwepo. Don Eleuterio alikuwa anatoka kwenye njia ya shambani na guta lake la kukanyaga, baiskeli ya mizigo, amepakia kuni. Alifanya vile alivyofanya siku zote, alipanda lami taratibu, akashika upande wake. Gari lilikuwa limekwisha kupita tuta la kanisani na halikuwa kasi. Hata breki hatukuzisikia. Tulisikia kuni. Marit alikuwa wa kwanza kumfikia, kabla yetu sote, akapiga magoti kwenye lami ile yenye maji, akamshika kichwa kwa mikono miwili asiguse chini, akawa anamsemesha kwa lugha ya kwao mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Doña Fidelia alisimama juu yao na mwiko mkononi. Baadaye alileta beseni la maji na sabuni, akammiminia yule mzungu anawe damu. Don Eleuterio hakufika hospitali.

Nelsy alipoteremka kwenye gari la bima alikuta guta limelala pembeni na kuni zimetawanyika hadi uwanjani kwetu. Alisimama akaliangalia. Kisha akaanza kuokota kuni, mojamoja, akizipanga, mpaka mama mmoja akamshika mabega akampeleka ndani.

Sverre alichukuliwa mpaka ofisi ya mwendesha mashtaka, mji wa wilaya. Kesho yake walitaka maelezo yake, na mkalimani wa serikali alikuwa mbali, mji wa Mérida, hakuna aliyejua atakuja lini. Ofisa akasema basi atafsiri huyu binti wa kampuni, kama familia ya marehemu haina neno. Wilberth akasema familia haina neno, maana huyu ni mtoto wa marehemu. Ofisa aliinua macho, akamtazama Nelsy, akauliza kama ataweza. Nelsy akasema ataweza.

Wakiwa bado kwenye korido, wakili wa bima alimvuta pembeni. Wilberth ndiye aliyenisimulia haya, naye aliyapata kwa Nelsy mwenyewe, miaka miwili baadaye. Wakili alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Akamwambia mteja amevurugika, anaweza kusema mambo yasiyo na maana. Mzee alitoka njia ya vumbi na baiskeli nzito, lami ina maji, jua la machoni; hayo yanatosha. Mengine ya alikuwa anatazama nini, anatafuta nini, ayaache, yatamsumbua kila mtu.

"Na wewe yatakusumbua kwanza, dada," akamwambia. "Unaelewa ninachosema."

Alielewa vizuri sana. Chumba walichokuwa wanaingia kilikuwa cha watu ambao wangefurahi akinyamaza. Meneja wake alishampigia simu kusema maneno yaleyale.

Walikaa. Doña Fidelia alikuwa kwenye kiti cha ukutani na shali nyeusi, Wilberth kando yake. Marit alikuwa ng'ambo ya chumba, na kile kifurushi cha dawa kimo bado mapajani mwake. Tangu jana hakujua ampe nani. Sverre hakuwa amelala. Ofisa aliuliza, Nelsy akatafsiri, Sverre akajibu. Alitoka wapi, alikuwa anakwenda wapi, mwendo gani. Kisha akaulizwa mgongano ulitokeaje.

Sverre alizungumza polepole akimtazama Nelsy, si ofisa. Alipomaliza, Nelsy alimgeukia ofisa. Wakili alikohoa kidogo.

"Anasema alikuwa hatazami barabara," Nelsy akasema. "Alikuwa anatazama mkono wa kushoto, anatafuta nyumba ya kijani. Anasema mtu aliyempangia safari alimwambia asiipite. Mtu huyo ni mimi."

Ofisa aliacha kuandika, halafu akaandika. Wilberth alimgeukia dada yake kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Hakupiga kelele. Alisema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyewaita."

Doña Fidelia hana Kihispania kingi, na alipotaka kusema alisema Kimaya, na akamwelekea binti yake. "Mwulize, alimwona? Hata kidogo, kabla?"

Nelsy akauliza. Sverre akatikisa kichwa. Nelsy akatafsiri, "Hapana, Mama. Anasema alimsikia tu."

Mama yule alikubali kwa kichwa, mara nyingi. Ofisa akaeleza kwamba sheria inaipa familia nafasi ya kusamehe ili mgeni aende kwao, au kesi iendelee naye akae ndani. Wilberth akasema akae. Doña Fidelia akasema hapana, huyu si mtu wa kufungiwa, watoto wake wanamngoja huko. Akaweka kidole chake kwenye wino, akatia alama kwenye karatasi. Kabla ya kutoka alimwambia Nelsy, "Mwambie nimemsikia." Nelsy alitafsiri hivyohivyo. Sverre aliuliza kama hiyo maana yake amesamehewa. Nelsy akamjibu kwamba mama yake amesema alichosema.

Marit akasimama, akaweka dawa mikononi mwa doña Fidelia kwa mikono miwili, akasema hazifai kuliwa bila kitu tumboni. Hilo nalo Nelsy akalitafsiri.

Magofu hawakuyaona. Walirudi kwao wiki iliyofuata.

Kazi Nelsy aliipoteza, bila ugomvi. Waliambiana tu na meneja kwamba itakuwa vigumu. Alipata nyingine kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, shuka na taulo, mvuke mchana kutwa, hakuna mgeni wa kumwuliza njia. Nyumbani Wilberth alimzuia. Wakati wa sala za matanga alikaa mlangoni kwa kiti, na dada yake alipofika kwa basi akamwambia, "Wageni wako wamekwisha pita. Pita na wewe, nenda." Mama yao alikuwa ndani anasikia. Hakutoka. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume na shamba lisilo na mtu mwingine, nadhani alichagua alivyoweza. Nelsy alisali kwetu, upande wa pili wa barabara, akisikia nyimbo za kwao zikivuka lami.

Na sisi wengine nisitusifu. Msibani wanawake wote walikuja na mishumaa na walilia. Haukupita muda wakaanza kunung'unika kwamba magari hayasimami tena, kwamba yule binti angeweza hata sasa kusema na wenzake wa kule ofisini. Mmoja wa wauza machungwa alimwambia hivyo usoni, kwenye kituo cha basi, akidhani anamtania. Nelsy alimwambia machungwa yake ni mazuri, akanunua mengi kuliko aliyoweza kubeba, akapanda basi.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Alituma vitu kwa mkono wangu, dawa, kitambaa, viatu vya mama, navyo vilipokelewa bila kuulizwa vimetoka wapi.

Ilipofika siku ya kila mwaka ya kuwalisha marehemu, alikuja bila kuitwa. Asubuhi ile kila uwanja Dzitox ulikuwa na shimo, maana mkate mkubwa wa mahindi na kuku huokwa ardhini juu ya mawe ya moto, na moshi ulikuwa umeshika kijiji chote. Wilberth alikuwa anachimba nyuma ya nyumba. Ardhi yetu ni mwamba kwa sehemu kubwa. Alikuwa amevua shati na anahema. Nelsy alipita ubavuni mwa nyumba, akasimama. Doña Fidelia alikuwa kizingitini akifunga unga kwenye majani ya mgomba, mikono imejaa rangi nyekundu ya viungo, akawatazama wote wawili, kisha akarudisha macho kwenye majani.

Wilberth alichimba mapigo machache zaidi. Halafu alitoka shimoni, akachomeka sepetu kwenye udongo mbele ya dada yake, akaenda kunywa maji.

Nelsy alivua viatu akaingia. Wilberth aliporudi, alisimama ukingoni mwa shimo akitazama kazi, akamwambia, "Chimba upande huo. Huku kuna mzizi."

Akachimba upande huo.