Mlio Katika Gari la Kiwanda Kilichokufa

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika gereji moja ya mtaa wa Downsview, huku Kanada, nyuma ya maghala, iliyokuwa ikifufua magari ya kale. Mimi ni seremala. Watu wa nyumbani wakisikia seremala anatengeneza gari hucheka, lakini magari yale yana kiunzi cha mbao chini ya bati, na mbao huoza. Mwenye gereji alikuwa mzee wa Kiismailia aliyezaliwa Tanga. Tulikuwa wawili tu, na tuliongea Kiswahili kutwa, raha ambayo sikuipata nyumbani kwangu, mtaa wa Dixon, maana wanangu nikiwasemesha wananijibu kwa Kiingereza.

Mwaka huo tulikuwa na gari moja tu, refu, jeusi, la kampuni ya Kimarekani iliyokufa kabla hata baba yangu hajazaliwa. Kila saa ya chai mzee alisimulia habari za kampuni ile, kwa huzuni ya mtu anayesimulia msiba wa ndugu zake. Mwanzilishi wake alikuwa mhandisi aliyetoka kiwanda kikubwa kwa hasira, akaapa kutengeneza gari la matajiri lisilo na kasoro hata moja. Akalitengeneza kweli. Ila kila gari lilipokamilika aliona kasoro nyingine, akalirudisha ndani, na walioliagiza wakangoja mpaka wakachoka. Kiwanda hakikumaliza hata miaka kumi. Mitambo ikapigwa mnada, majengo yakachukuliwa na watu wengine.

"Hawakumwelewa," mzee alikuwa akisema, huku akichovya mkate kwenye chai.

Mimi nilimwelewa vizuri sana, na nilimwona mpumbavu. Mtu kaagiza gari, mpe gari lake aende zake. Lakini saa ya chai si saa ya kubishana na mzee, kwa hiyo nilitafuna mkate wangu.

Mwenye gari lile alikuwa Mkanada mmoja mzee, mpole, aliyefiwa na mke. Alipokuwa mtoto baba yake alikuwa na gari kama hilo, wakaliuza maisha yalipowabana. Sasa alikuwa na saratani, na alituambia wazi, bila kujihurumia. Alitaka jambo moja tu: kukaa kiti cha nyuma, kama alivyokuwa akikaa zamani, apelekwe mpaka ziwani na kurudishwa. Kila Ijumaa alikuja, nikamshika mkono, akapanda na kukaa kwenye kiti hicho, gari likiwa limesimama pale pale. Nilimpenda.

Mwishoni mwa kiangazi tukalimaliza. Injini ikawaka, ikatulia, nami nikajikuta napiga makofi peke yangu. Mzee akainua mkono ninyamaze.

"Unasikia?"

"Nasikia injini, mzee."

"Kuna mlio. Mwembamba, kama wa mbu. Hiyo ni beringi."

"Mimi siusikii."

"Wewe ni mtu wa mbao, fundi."

Ijumaa ile akamuuliza mteja. Yule bwana akainama karibu na boneti, akasikiliza kwa muda mrefu, akiwa na uso wa mgeni aliyepewa chakula kisicho na chumvi. Kisha akasema taratibu kwamba ndiyo, labda kuna kitu kidogo. Watu wa nchi hii wanaona tabu kumwambia mtu hapana usoni. Nilitamani kumtikisa.

Basi injini ikashushwa. Mzee akaifungua yote, akaweka beringi mpya za kuchongesha, akairudisha, akawasha. Mlio upo. Akaifungua tena. Theluji ikaanza kuanguka.

"Mzee, mpeleke ziwani kwanza," nikamwambia. "Ukirudi utafungua unavyotaka."

Akanikazia macho. "Nimpakie mgonjwa kwenye gari bovu?"

Mteja akawa anakuja na fimbo, baadaye akaja na muuguzi, na Ijumaa moja hakuja. Alifariki kabla ya Krismasi.

Mwanawe alikuja na lori kulichukua gari. Alikuwa mstaarabu, hakugomba. Aliomba tu tuliwashe, lipande lenyewe. Hatukuweza, kwa sababu injini ilikuwa mezani, vipande vipande juu ya magazeti. Gari tukalisukuma kwa mikono, na injini ikafuata kwenye masanduku niliyoyapigilia misumari mwenyewe. Sijawahi kupiga nyundo kwa hasira namna ile.

Lori lilipoondoka tukafunga mlango. Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baada ya muda akageuza kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Fundi, umeacha mashine gani inazunguka?"

"Hakuna, mzee. Nimezima hata hita."

"Mbona mlio ule bado nausikia?"

Tukatazamana. Nilimwona akielewa, na sitaki kuuona tena uso ule kwa mtu yeyote. Akaziba masikio kwa viganja. Macho yake yakaendelea kutafuta, nikajua kwamba bado anausikia.

"Lakini na yeye aliusikia," akasema. "Ulikuwepo. Alisema anausikia."

Ningeweza kumdanganya. Huruma ilikuwepo na hasira ilikuwepo, na hasira ndiyo iliyowahi mdomoni.

"Hakusikia kitu, mzee. Alikuwa anakustahi tu."