NATOA FIGO BURE

Pale hospitalini walimwita Bi Chekeche, maana kazi yake ilikuwa kuchekecha barua pepe: mchele uingie, pumba zibaki nje. Zamani karani mmoja alifungua barua ya matapeli, kompyuta zote zikafa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bi Chekeche akakaza chujio, barua za kutiliwa shaka zikawa zinatupwa kwenye folda ya taka, nayo ikijifuta yenyewe kila wiki.

Asubuhi moja daktari wa figo alilalamika kwamba majibu ya maabara hayamfikii. Bi Chekeche akaingia kwenye taka kuyatafuta. Akapita katikati ya bahati nasibu, dawa za nguvu na warithi wa kubuni, hadi barua yenye kichwa cha herufi kubwa: NATOA FIGO BURE.

Kidole kilikuwa kishaelekea kufuta. Wauza viungo huandika hivyohivyo. Lakini huyu hakuomba chochote. Alisema ni seremala. "Mke wangu alifariki akingoja figo. Mimi ninazo mbili." Chini akaweka namba ya simu.

Bi Chekeche akapiga. Upande wa pili msumeno ukanyamaza.

"Nimewaandikia mara kadhaa, dada yangu," ilisema sauti ya taratibu. "Nikadhani labda hamhitaji."

 Bi Chekeche akamuuliza anataka figo hiyo apewe nani.

"Aliye kwenye foleni. Mimi simjui, na yeye si lazima anijue."

Bi Chekeche alishusha simu. Mtu kama huyu yupo, na yeye amekuwa akimtupa pamoja na takataka.

Madaktari walimpima seremala, wakamhoji, wakampima tena. Figo ikaenda kwa dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni, na ikakubali. Bi Chekeche akalegeza chujio kidogo. Matapeli wawili watatu wakapenya, bosi akanung'unika. Kilichobaki kwenye taka akawa anakipitia mwenyewe kabla hakijafutika.

Siku ya seremala kuruhusiwa, Bi Chekeche alimwona koridoni: mtu mfupi, mkono ubavuni, anatembea kama anayehesabu vigae. Bi Chekeche alikuwa amejiandalia maneno ya shukrani na ya kuomba radhi. Badala yake akamshika mkono tu.

"Pole na kazi, dada," seremala alimwambia, kisha akauliza mlango wa kutokea uko wapi.