Mbegu Tano za Boga la Mahenge

Mama mkwe wangu, Balbina, alikuwa na mkono wa kulima na ulimi wa kukata. Kila kiangazi, mafuriko yakishapungua na kuacha udongo mweusi wenye unyevu, alishuka bondeni kutoka Mlabani na jembe lake, na majirani walimfuata kumuuliza. Alijibu yote. Vidukari kwenye majani? Nyunyiza majivu alfajiri, umande haujakauka, yashike. Miche inanyauka? Itilie kivuli cha majani makavu. Ndege chozi usimfukuze, anakula wadudu. Mfukuze tetere, huyo anafukua mbegu huku anakutazama.

Ila mbegu ya boga lake hakumpa mtu. Lilikuwa boga la kwao Mahenge, kavu na tamu, halitaki sukari. Ukipewa kipande, ujue mbegu zimeshakwanguliwa. Kwa mbegu alikuwa mchoyo, nami nasema hivyo ingawa nilimpenda.

Alizipaka majivu, akazitia kibuyuni na kukitundika juu ya mafiga, kwenye moshi, kama walivyofanya mama zake wote. Lakini mwaka 1956 mume wangu Pantaleo alimjengea nyumba ya bati, jiko likahamia nje, kwenye kibanda cha nyasi. Mama akaona kibanda hakifai kitu cha thamani. Kibuyu akakitundika sebuleni, wageni wakione.

Kiangazi kilichofuata alipanda konzi moja. Tetere walifukua karibu zote, na miche miwili iliyobaki ikaliwa na viwavi. Akarudi nyumbani kuchukua za akiba. Alipopindua kibuyu, ukamwagika unga na maganda. Kwa kukosa moshi, wadudu walikuwa wamezimaliza. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha.

“Nimeipoteza mbegu ya mama,” alisema.

Nilishikwa na hofu, maana nilijua zilipo nyingine. Miaka miwili kabla, aliponiambia nimkwangulie boga, nilificha mbegu tano kwenye pindo la khanga, nikampelekea mama yangu mzazi, Serafina, kule Lupiro. Nikinyamaza, boga lake ndiyo basi. Nikisema, nitaitwa mwizi katika nyumba niliyoolewa.

Kesho yake asubuhi nilimpigia magoti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Aurelia.”

“Mama, mbegu zako ziko kwa mama yangu. Niliziiba.”

Nikaeleza yote, macho chini. Alijifunga khanga, akatoka, nami nikamfuata. Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukatembea mpaka Lupiro bila kusemeshana. Njia nzima nilijiona nimeshaachika.

Tulifika jua linaelekea kuzama. Mama yangu alikuwa anapalilia uani, na majani ya maboga yametambaa mpaka juu ya banda la kuku.

“Karibu, Mama Pantaleo,” alisema, akamtolea kigoda.

Mama Balbina hakukaa. Aliinama kwenye boga lililokomaa, akaligonga kwa kidole, akasikiliza. Kisha akalishika kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele ya mama yangu bila kuyafuta.

“Ulichukua ngapi?” aliniuliza.

“Tano, mama.”

Alilifuta boga vumbi kwa khanga yake.

“Ungeniomba,” alisema, “ningekunyima.”