Dhiraa za Mwinyijuma

Ukuta wa kale wa Kaole, wa matumbawe na chokaa, haukuwa na mwenyewe, ila nyumba ya Mwinyijuma iliuegemea, na bahari ilikuwa ikiutafuna. Wazee wakampa kazi: kila Ijumaa apime ufuko, kutoka alama ya maji makuu mpaka ukutani. Maji yakiufikia, ahame. Na kuhama kwake ni kwenda kwa shemeji yake Mtoro, bingwa wa majivuno na kukoroma. Mwinyijuma aliona heri alale na kaa.

Enzi hizo, kabla Wadachi hawajatia mguu pwani yetu, tulipima kwa dhiraa, yaani kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mwinyijuma, mrefu ajabu, alilala kifudifudi mchangani, akajikokota akihesabu. Kila mpita njia alimwamkia.

"Shikamoo, Mwinyi!"

"Marahaba. Nyumbani hawajambo? Haya, umenipotezea hesabu!"

Akaanza upya, maana adabu ni adabu.

Kila Ijumaa dhiraa zilipungua, naye akazidi kununa. Siku moja alipanda ukutani kuitukana bahari, akateleza, akavunjika mkono. Mganga akaufunga vibao. Ijumaa iliyofuata aliyepima ni mkewe Bimdogo, mwanamke asiyeupita mtungi wa maji kwa kimo. Alipima bila hila, akatangaza kuwa dhiraa zimeongezeka.

"Bahari imerudi nyuma!" Mwinyijuma alipiga kelele, akicheka hadi machozi yakamtoka. "Imeniogopa!"

Nasi majirani, wajinga wa kuzaliwa, hatukuuliza mkono uliopima ni wa nani. Tulisikia harufu ya pilau, tukaamini.

Maulidi ya shukrani yalisomwa uani, ubavuni mwa ukuta. Tulikuwa tumesimama tukimsalia Mtume maji ya bamvua yalipopiga. Ukuta ukaporomoka upande wa bahari, wimbi likaingia, sinia la pilau likaelea likatoka zake, na mzee Kibwana akalifuata mpaka maji yakamfika kiunoni. Hakuumia mtu, ila mimi pilau ile inaniuma hadi leo.

Mwinyijuma alikimbilia ndani kuokoa vyombo. Hakukuta hata mkeka.

"Viko kwa kaka Mtoro," Bimdogo alisema. "Nimevihamisha kimoja kimoja tangu Jumamosi, na mkeka leo asubuhi."

"Kumbe ulijua?"

"Mkono wangu mfupi, bwana, ningekosaje kujua? Lakini ulicheka. Tangu masika hukucheka. Nikasema acha maulidi yapite kwanza."

Mwinyijuma aliung'oa mlango wa nyumba. Akajitwika begani, wakaenda kwa Mtoro, na usiku ule Mtoro alikoroma kuliko kawaida yake.

Mkono ulipopona, wazee walimtaka apime tena, safari hii mpaka mlangoni kwa shemeji. Akalala kifudifudi, akanyoosha ule mkono wake mrefu, akautazama, akaurudisha kifuani.

"Bimdogo!" aliita. "Njoo unipimie wewe."