Ukoo Wetu Mkononi mwa Mwizi

Shule niliiacha darasa la tatu. Nyumba yangu hapa Migori imejengwa na ng'ombe niliouza soko la Ogwedhi. Kwa simu siandiki. Wanangu wananitumia sauti, nami nawajibu kwa sauti.

Ndugu yangu alipofariki, vijana wetu wa chuo walitengeneza wasifu wake: wazazi, babu, nyanya na kwao, nani ameolewa wapi, hata jina la utani nililoitwa nikichunga. Wakautuma kwenye grupu la matanga, lenye watu wengine hata siwajui. Tukawasifu! Huku kila nyumba hufanya hivyo.

Tulipomaliza kuzika, mtu akanipigia.

"Jaduong', mzee wangu, pole na msiba. Mimi mtoto wa binamu yako wa kule Remba."

"Binamu yupi?"

Akataja baba yake, babu yangu, na kijiji alikotoka nyanya. Akaniita lile jina la utani, akacheka. Mtu kama huyo utamwita mgeni? Akasema wanafungua grupu jipya la familia, nimsomee namba zilizoingia kwa ujumbe. Nikamsomea. Mtu baki nisingempa hata jina la mbwa wangu.

Kumbe namba zile zilihamisha akaunti yangu ya sauti na ujumbe kwenye simu yake. Sauti zilipoacha kuingia, mimi nilidhani bando imeisha.

Eti wanaoibiwa mtandaoni ni wale hawakusoma. Upuuzi! Ule wasifu aliouokota mwizi uliandikwa na watu wa digrii.

Sasa, binti yangu ameolewa Oyugis na mume anayempiga. Asubuhi iliyofuata alinitumia sauti: kesho mume akisafiri atatoka na watoto, nisimwambie mtu. Akajibiwa kwa maandishi: atume pesa, la sivyo mumewe ataisikia hiyo sauti.

Akanipigia simu ya kawaida.

"Baba, umeniandikia?"

"Niandike? Tangu lini?"

"Basi kuna mtu anatumia akaunti yako. Amesikia kila kitu. Na mume wangu yumo kwenye grupu la matanga, huyo mtu anaiona namba yake."

Mtu akiiba ng'ombe namwelewa, ana njaa. Huyu ameshika mlango wa mwanamke anayekimbia kipigo, anauuza!

"Usimtumie hata shilingi," nikasema. "Funga nguo. Nakuja leo."

Nikakodi gari. Mume nilimkuta sebuleni.

"Mzee, mbona ghafla? Hata hukusema."

"Nimekuja kumchukua mtoto wangu na wajukuu."

Tulikuwa tunabeba mabegi ujumbe wa yule mwizi ulipoingia kwenye simu ya mume. Akasimama mlangoni, akaifungulia ile sauti juu kabisa, ili binti yangu aone haya. Binti yangu alimtazama usoni mpaka ikaisha.

"Umesikia?" nikamuuliza yule mume.

"Nimesikia."

"Basi toka mlangoni, tupite."